Kidoa Shavuni mwa Mgombea

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na kazi imeingia nayo mlango mmoja. Nimepata oda ya fulana za chama: nyeupe, kifuani uso wa mgombea kwa wino mweusi, mgongoni neno UADILIFU. Aliyeileta ni meneja wa kampeni. Kwa kila jambo jibu lake ni "hakuna shida", basi nimemwita hivyo hivyo, Bwana Hakuna Shida.

Nikamuuliza nichape ngapi.

"Hakuna shida, fundi. Wewe chapa mpaka nikwambie basi."

Nikamuuliza risiti niiandike kwa jina la nani. Akaweka bahasha mezani, akanipigapiga begani, akatoka kwenye mvua bila mwavuli kama mtu aliyekumbuka kaacha chungu motoni.

Ninaandika haya nyuma ya karatasi za majaribio zilizoharibika. Ukiugeuza ukurasa, mgombea anakutazama. Bora tukutane hivi, mgongo kwa mgongo.

Jumatano, 6 Machi

Fulana hazikauki. Nimefunga kamba karakanani, sebuleni, hadi chumbani kwa Mama. Mama ndiye mkunjaji wangu, tangu magoti yalipomkatalia kazi ya kusimama. Asubuhi kaamka, kazitazama nyuso zote zile zinazoning'inia, akasema, "Tangu baba yenu afariki, sijawahi kulala na wanaume wengi kiasi hiki. Na hakuna hata mmoja anayekoroma."

Ijumaa, 8 Machi

Nimegundua kosa, na limeshatoka kwenye fulana za kujaza magunia.

Kwa asiyeijua kazi yetu: fremu ni mbao nne zilizowambwa kitambaa chembamba mfano wa chandarua. Kitambaa unakipaka dawa inayoziba vijitundu vyote, isipokuwa penye picha. Ukivuta wino juu yake kwa kipande cha mpira, unapita penye picha tu. Lakini punje ya vumbi ikitua kwenye dawa mbichi, inaacha tundu, na wino hauna adabu: ukiona mlango, hauulizi mwenye nyumba. Fremu yangu ina tundu pale shavuni. Kila fulana, mgombea ana kidoa cheusi ambacho mama yake hakumzaa nacho.

Dawa ya tundu ni tone moja la rangi ya kucha. Hilo sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kumwibia mdogo wangu chupa yake. Nilikuwa nimeishika mkononi Bwana Hakuna Shida alipoingia kuchukua mzigo. Akainyanyua fulana, akaitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu.

"Acha, acha! Usiguse. Kinampendeza. Mtu asiye na doa, watu hawamwamini."

Nimeirudisha chupa rafuni. Mteja akipenda kosa, linaitwa mtindo.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua.

Jumatano, 13 Machi

Fulana tupu zimeletwa na lori la kokoto. Nimezikung'uta vumbi moja moja. Dereva alikuwa na haraka.

"Nikibeba kokoto napewa karatasi ya kuonyesha njiani," akaniambia. "Nikibeba hizi naambiwa nisisimame popote. Wewe niambie, kipi kizito?"

Mwenye lori ni mkandarasi anayeingojea barabara yetu itangaziwe zabuni. Anaingojea kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kuilipia chai yake.

Jumapili, 17 Machi

Niandike kidogo habari za mdogo wangu, maana leo tumegombana.

Ni kitindamimba wa Mama, na ni mweka hazina wa tawi la chama. Anaishi nasi tangu ndoa yake ilipomshinda, au yeye alipoishinda, inategemea unamuuliza nani. Ameahidiwa kiti katika baraza la halmashauri uchaguzi ukiisha. Kwa ajili ya kiti hicho amefagia ofisi ya chama, ameazima viti vya watu vya mikutano na kuvirudisha kichwani, amepika chai ya watu wasiokumbuka jina lake. Mimi namwita Mheshimiwa Mtarajiwa.

Leo alikuwa akikata risiti za ada. Wanachama ni muuza mkaa, mfua nguo, waendesha pikipiki na kadhalika, na ada yao ni vijisenti ambavyo ukiviangusha huinami. Kila mmoja anakatiwa risiti, kwa mwandiko mzuri na muhuri juu. Nikamwambia karatasi ya risiti ina thamani kuliko hela iliyoandikwa humo.

"Kaka, si suala la hela."

"Basi ni suala la muhuri. Unapenda kugonga."

Akaniangalia kama Mama anavyoniangalia nikisema nimeshiba. "Wewe cheka. Hawa watu hawajawahi kupewa karatasi inayosema wametoa kitu. Karatasi zote wanazopewa zinasema wanadaiwa."

Nikasema wino unakauka. Wino haukauki, mvua yote hii.

Jumapili, 24 Machi

Maajabu. Kidoa kimependwa. Mitaani watu hawamwiti mgombea kwa jina tena, wanamwita Kidoa. Watoto wanajichora shavuni kwa mkaa. Mzee mmoja kaniapia kwamba alisoma naye, na kidoa anakikumbuka tangu darasa la pili.

Leo mgombea mwenyewe kapanda jukwaani akiwa nacho. Mdogo wangu ananiambia alikuwapo chumbani: mgombea kasimama mbele ya kioo na wanja wa mkewe, fulana imetandazwa kando, anaitazama fulana, anatazama kioo, anajitia nukta. Tulicheka hadi Mama akaamka.

Mdogo wangu akamwonyesha kwa kidole kwenye shavu lake mahali mgombea alipojichora, na Mama akauliza, "Mbona chake kiko shavu hili, na cha fulana kiko shavu lile?"

Ni kweli. Kioo kimemgeuza. Kwenye fulana kidoa kiko shavu la kulia, naye kajichora la kushoto. Umati mzima ulikuwa umevaa kosa langu, yeye kavaa kosa lake, na hakuna aliyejali.

Jumanne, 2 Aprili

Mkutano wa hadhara, na mvua ikauhudhuria. Wanja umemtiririka mgombea hadi kidevuni. Bwana Hakuna Shida kanyakua kipaza sauti: "Mnaona? Anawalilia wananchi!" Makofi.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Bahasha nyingine. Bila risiti, na safari hii sikuuliza.

Jumanne, 9 Aprili

Meza ya ofisi ya chama ina mguu mmoja mfupi, na miaka yote umewekewa kitabu chini. Leo mdogo wangu kakichomoa aone ni kitabu gani. Ni mwongozo wa matumizi ya fedha za uchaguzi, kila tawi liligawiwa. Meza sasa inayumba, na yeye kakisoma chote.

Ametueleza wakati wa chakula. Matumizi ya mgombea yana kikomo. Kila aliyetoa mchango mkubwa lazima atajwe. Anayetaka kazi ya serikali haruhusiwi kuchangia kabisa, kwa hiyo mkandarasi wetu hayumo. Ila kikundi kidogo kikijichangisha na kununua fulana zake chenyewe, hizo hazihesabiwi. Na anayetia saini taarifa ya tawi, akaapa kuwa ni kweli, ni mweka hazina.

"Kwa hiyo wakila wao," Mama akauliza, "anayetapika ni wewe?"

"Ndiyo, Mama."

Mama akala kidogo, akanawa.

Ijumaa, 12 Aprili

Mdogo wangu kaja karakanani bila kubisha. Kavua viatu vyake vyenye tope mlangoni, kasimama kati ya kamba, nyuso zinamgusa mabega.

"Kaka. Wameniambia niandike kwamba fulana zote zimenunuliwa na vikundi. Waendesha pikipiki, kwaya, timu ya mpira, wauza mboga. Wamenipa majina ya vikundi arobaini."

"Arobaini?" Mama akadakia kutoka kwenye kiti chake, fulana mapajani. "Mbona hiyo namba kama naijua?"

Mdogo wangu hakucheka. "Kaka, nani kachapa fulana hizi?"

Alikuwa amesimama katikati yazo. Mikono yangu ilikuwa myeusi mpaka viwikoni. Nikamwambia, "Mimi nachapa uso. Maelezo sichapi."

Alivaa viatu taratibu sana. Ningependa angefoka.

Jumatatu, 15 Aprili

Mama hasemi nami. Anasema na fulana. "Wewe usinitumbulie macho," anaiambia anapoikunja, "mwenye la kusema yuko hapo nyuma yako."

Jumamosi, 20 Aprili

Mkutano wa wanachama wa tawi, ofisini. Sijawahi kuhudhuria kitu cha chama maishani mwangu. Leo nilikwenda, nikajisingizia kwamba nakwepa mvua.

Bwana Hakuna Shida alikuwa meza kuu, ile inayoyumba, kaikandamiza kwa kiwiko. Akasema taarifa ya fedha iko tayari, ni saini tu, mweka hazina asogee. Mdogo wangu akasogea. Nikajua, au nilidhani nimejua: ndiyo hivyo, kiti kimemvuta. Nilimtazama kama mtu anavyotazama sahani iliyokwisha kuteleza mkononi.

Hakushika kalamu. Akawageukia watu.

"Kabla sijasaini nina swali dogo. Waendesha pikipiki mko wapi? Karibuni. Fulana mlizovaa, mlichanga kiasi gani mkazinunua?"

Waendesha pikipiki wakatazamana. Mkubwa wao akasema, "Sisi tulipewa, dada. Tuliambiwa wamenunua watu wa kwaya."

"Kwaya?"

Kiongozi wa kwaya akasimama, kifua mbele kama anaanza wimbo. "Hapana! Sisi tulisikia ni timu ya mpira."

"Timu ya mpira?"

"Sisi hata mpira hatuna!" kijana mmoja akapaza sauti, na ofisi nzima ikaangua kicheko.

Mfua nguo, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuchana kanga, akainuka kutoka nyuma. "Mimi nimefua fulana hizi za mtaa mzima, zote zina kidoa kimoja. Kama kila kikundi kilitengeneza ya kwake, basi vidoa vimefanya mkutano kabla yetu!"

Vicheko vikazidi. Mdogo wangu peke yake hakuwa akicheka. Alingoja watulie, akasema kwa sauti ile ile anayoombea chumvi: "Basi mimi siwezi kuapa kwamba mlitoa. Mwongozo unasema nani katoa, kiasi gani, lini. Mtu akinionyesha, nitasaini hapa hapa."

Bwana Hakuna Shida akaondoa kiwiko, meza ikainama, chai ikamwagikia taarifa. Akasimama. Akasema chama kina nidhamu, na vikao vina utaratibu. Akasema kuna watu wametumwa na wapinzani. Kabla hatujatawanyika mdogo wangu alikuwa ameshavuliwa uweka hazina, na nafasi yake kapewa shemeji wa meneja, kijana mpole ambaye sidhani kama alielewa alichosaini. Alisaini.

Tulirudi nyumbani pamoja chini ya mwavuli mmoja. Nilitaka kumwambia kitu. Nikamwambia aangalie dimbwi.

Jumatatu, 22 Aprili

Wamebandika tangazo ukutani kwa ofisi ya chama. Linasema mweka hazina wa zamani ameondolewa "kwa sababu ya upotevu wa ada za wanachama".

Mdogo wangu kalisoma amesimama kwenye mvua. Aliyenihadithia ni muuza mkaa. Anasema alilisoma mara moja, akapangusa tone lililokuwa linafuta neno moja ili wengine walisome vizuri, akaondoka.

Nyumbani hakulia. Kaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Jumatano, 24 Aprili

Bwana Hakuna Shida kaja asubuhi. Akaketi. Akasema, "Fundi, kuna shida kidogo."

Na mimi nikaketi.

Mkaguzi wa tume ya uchaguzi anapita mtaa kwa mtaa. Ameambiwa habari za fulana. Bwana Hakuna Shida ana karatasi anayotaka niisaini, inasema niliwaazima wanachama karakana na kila kikundi kilikuja kujichapia chenyewe, kila kimoja na fremu yake. Na fremu ile yenye kidoa, niisafishe.

"Nikisafisha?"

"Basi kesho tangazo linabanduliwa. Tunabandika jingine kwamba kulikuwa na kutoelewana. Dada yako anarudi, na kiti chake kipo pale pale. Hakuna shida."

"Na nisiposafisha?"

Akaitazama fulana iliyo karibu naye, akainyoosha mkunjo shavuni. "Fundi, jina la mwizi halifutiki hata kwa dawa yako. Wewe ni mtu wa madoa, unajua."

Alipotoka nilifikiri muda mrefu, kisha nikaacha kufikiri, nikachukua ndoo. Kusafisha fremu ni kazi ya mkono mmoja. Dawa, brashi, maji, na uso unaondoka na mtaro. Nilijiambia: huyu ni mdogo wako. Tume ni ya watu, mgombea ni wa watu, barabara ni ya watu, lakini huyu ni wako. Nilikuwa nimeshachovya brashi.

Mdogo wangu akaingia. Kaiona ndoo, kaiona fremu mezani, kaiona karatasi.

"Kakuahidi nini?"

Nikamweleza yote. Tangazo, kiti, jina lake.

Akaenda rafuni, akanyoosha mkono nyuma ya makopo ya wino, akatoa chupa ya rangi ya kucha. Miaka yote hiyo nilidhani hajui ninapoificha. Akaiweka mezani, kando ya ndoo.

"Ukitaka kuziba, ziba. Ukitaka kusafisha, safisha. Fremu ni yako. Lakini usiseme ni kwa ajili yangu."

"Wanakuita mwizi, mdogo wangu! Mtaa mzima!"

"Nimesoma. Nikirudi kwa njia hiyo, nitakuwa nimerudi kweli mwizi, ila mwenye tangazo zuri." Kisha, kwa sauti ya chini, "Unadhani sikitaki kile kiti, Kaka? Nakitaka hadi nakiota. Usinirahisishie njia ya kukirudia."

Mama alikuwa ameacha kukunja. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akaikung'uta fulana mkononi kana kwamba anatafuta mdudu.

Nimemwaga ile dawa mtaroni. Fremu sijaigusa. Chupa pia sijaigusa. Sijui maana yake ni kwamba nimeamua au nimeogopa kuamua. Nimemcheka mwanamke huyu kwa kupenda mihuri. Leo nimeona kwamba yeye alikuwa anajifunza kitu kila alipogonga, mimi nilikuwa nasikia kelele tu.

Alhamisi, 25 Aprili

Tangu asubuhi wanawake wanapita hapa. Mfua nguo, muuza mkaa, wauza mboga. Kila mmoja kaleta risiti zake za ada, nyingine zimefungwa ncha ya kanga, nyingine zina harufu ya samli, moja imeliwa na panya lakini muhuri umebaki. Wamezipanga juu ya meza yangu ya kuchapia, wakalinganisha na vishina vya vitabu vya risiti alivyobaki navyo mdogo wangu. Hakuna iliyokosa mwenzake.

"Upotevu uko wapi?" mfua nguo akauliza, mikono kiunoni.

Mdogo wangu alikuwa amegeukia ukuta. Sasa ndiyo alilia.

Ijumaa, 26 Aprili

Mkaguzi amekuja. Nilitarajia mtu wa suti. Amekuja mama wa makamo, viatu vya mpira vimejaa tope, mkoba ameufunga kwa mfuko wa plastiki, na mafua makali. Mama akampa kiti na maji ya moto kabla hajajitambulisha.

Akafungua mkoba, akatoa fulana. Moja aliipata kwa kwaya, nyingine kwa waendesha pikipiki, nyingine kwa timu isiyo na mpira, nyingine mji mwingine kabisa. Akazipanga mezani bega kwa bega. Nyuso zote zikatutazama, kila moja na kidoa chake, shavu la kulia, chini kidogo ya jicho.

"Nilipoziona mwanzo sikushtuka," akasema, akipenga. "Nilijua ni alama yake ya kuzaliwa. Halafu nikaenda kumhoji mwenyewe, nikaketi naye uso kwa uso. Kidoa chake kiko upande wa pili. Kesho yake nikarudi, hakuwa nacho kabisa."

Mama akafunika mdomo kwa fulana.

"Fulana zote zinakubaliana," mkaguzi akaendelea. "Mwenye uso ndiye hakubaliani nazo. Nikajua kidoa si cha mtu, ni cha kifaa. Vikundi arobaini haviwezi kuwa na bahati mbaya moja. Natafuta fremu, fundi. Karakana za kuchapa nimezipita zote, imebaki hii. Unayo?"

Ningeweza kusema sina. Alikuwa mgonjwa, amechoka, hakuwa na polisi, na mlango ulikuwa wazi. Nilimtafuta mdogo wangu kwa macho. Alikuwa ua wa nyuma anaanua nguo, amenipa mgongo kwa makusudi. Hakutaka hata macho yake yanisukume.

Nikaitoa fremu chini ya meza. Nikatandaza kitambaa cheupe, nikamwaga wino, nikavuta mpira mara moja tu. Nikainua.

Mgombea akatutazama, ametabasamu, na kidoa kibichi kinang'aa.

"Nani alikulipa?"

Nikamwambia. Lori la nani, bahasha ya nani, na kwamba sikukata risiti hata moja.

"Unajua na wewe utaulizwa kuhusu hilo?"

"Najua."

"Unajua hawatakupa kazi tena?"

"Hiyo ndiyo niliyoijua kwanza."

Akaichukua fremu kama ushahidi. Akaifunika kwa plastiki ya mkoba wake, mkoba ukabaki unanyeshewa. Mlangoni akageuka, akatoa kijitabu mfukoni, akaandika, akachana, akanipa. Risiti. Fremu moja ya mbao, yenye tundu. Msimu mzima huu nimechapa, na hiyo ndiyo risiti ya kwanza iliyokatwa kwa kazi yangu.

Mdogo wangu kaingia na nguo mikononi. Nikamwonyesha. Akaisoma, akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga.

"Haina muhuri," akasema.

Jumatano, 1 Mei

Mvua imepungua. Kazi imepungua kuliko mvua. Leo nimechapa mifuko ya muuza unga.

Jumapili, 5 Mei

Tumepiga kura.

Jumanne, 7 Mei

Kidoa kashinda. Wameimba hadi sauti zikawakauka. Mama kaniuliza kama kazi yetu ilikuwa bure. Nikamwambia sijui. Akasema basi nikachote maji, hilo tunalijua.

Jumatano, 22 Mei

Shauri limefunguliwa mbele ya tume. Chama, mgombea na mkandarasi wametakiwa kueleza fulana zilitoka wapi. Shemeji wa Bwana Hakuna Shida ameitwa kama mtia saini. Mdogo wangu ameitwa kama shahidi. Kama angesaini siku ile, mwito ungekuwa wake, na ungesomeka vingine.

Tangazo bado liko ukutani kwa ofisi. Mvua imelifuta nusu. Neno "upotevu" ndilo gumu, limebaki.

Jumamosi, 8 Juni

Jua. Mfua nguo kaleta fulana nizione. Amezifua mara nyingi sasa, uso umefifia mpaka huwezi kujua ni wa nani. Kidoa kimebaki vile vile, cheusi ti. Nikamweleza: usoni wino hupita mwembamba, kwenye tundu ulijaa. Akasema hakuuliza sababu, alitaka tu nicheke naye. Nikacheka.

Jumatatu, 10 Juni

Siku ya shauri. Tumeitwa sote wawili, mimi na mdogo wangu: yeye kwa alichokataa, mimi kwa nilichopokea.

Asubuhi kaketi kizingitini, anapaka kucha rangi kutoka ile chupa. Mama akamuuliza anakwenda kwenye ushahidi au kwenye harusi.

"Mama, nitashika kitabu cha kiapo. Mkono utaonekana."

Tulipotoka, mwendesha pikipiki mmoja alikuwa anangoja abiria pale kona, amevaa fulana ile. Uso hakuna tena, kifua cheupe chenye nukta moja. Alipomwona mdogo wangu akazima pikipiki, akasimama wima.

"Mweka hazina! Shikamoo. Ada yangu ya mwezi huu bado ninayo. Nimpe nani?"

Mkono wa mdogo wangu ulikuwa umeshaingia mkobani, pale kinapokaa kitabu cha risiti. Nilimwona akikumbuka. Akautoa mkono mtupu, akaupuliza, kama vile rangi ya kucha ilikuwa bado mbichi.

"Mpe aliyepo," akamwambia. "Lakini dai risiti."